UNATANGAZA KIJIKO CHA MTUMBA? KIKUTE CHA BARIDI, KIACHE CHA MOTO



Leo naongea na wale wenzangu wa "nina mtu anauza". Yaani sisi ambao mtu anakutumia picha za mali yake, unaposti, mteja akipatikana unakula kamisheni. Zamani tulikuwa tunaposti simu, sabufa na pikipiki. Siku hizi ukifungua simu unakutana na Komatsu PC200, CAT 320, Hitachi EX200, "ipo saiti inapiga kazi, bei maelewano". Kamisheni ya mtambo mmoja inazidi ya simu mia, ndo maana kila mtu anautaka huo mzigo.

Sawa, utake. Ila ujue kitu kimoja. Ukiuza simu mbovu, mteja anakutukana kwenye komenti na yanaisha. Ukiuza kijiko kibovu unaweza kuwa umemaliza mtaji wa familia tatu kwa mpigo.

Mimi niko huku Mbwara, Rufiji. Nina duka dogo la oili, grisi, filta na spea za pikipiki, na mtandaoni natangaza mali za watu. Umakanika sikusomea, niliishia kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyapata kwa maopareta na mafundi wanaokuja dukani, kwa kusoma vitabu vya matengenezo vya mitambo yenyewe, na kwa kusimama juani nikiangalia mtambo unavyopimwa. Siyo uganga, hata wewe unaweza.

Naongelea kijiko cha cheni, kile wengine wanaita ekskaveta. Kile cha matairi tutakiongelea siku nyingine.

KWA NINI VIJIKO VIMEKUWA DILI

Huku kwetu sababu iko wazi. Bonde la Rufiji ni la maji na udongo. Mifereji ya mpunga, mabwawa ya samaki, kifusi, mchanga, barabara za ndani, vyote vinataka kijiko. Mwaka 2024 mafuriko yalipiga Rufiji na Kibiti, na mwezi Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar kwenda Lindi ikakatika pale Somanga. Kila mvua inapoharibu, mitambo inatafutwa kwa tochi. Huko Chunya na Geita wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wanavitaka.

Mtu wa kawaida anaona mwenye kijiko analipwa kwa saa, anapiga hesabu kichwani, anasema na mimi ninunue. Kipya hakiwezi. Anatafuta cha mtumba kilichoshuka bandari ya Dar kutoka Japani, Ulaya au Uarabuni miaka hiyo, kikapita mikononi mwa watu watatu wanne hapa nchini. Na anakitafuta wapi? Kwenye simu. Anakukuta wewe.

Anayenunua kijiko cha zamani mtandaoni mara nyingi siyo kampuni kubwa. Kampuni kubwa ina mafundi wake na haiwezi kununua kwa picha. Anayenunua kwa picha ni yule aliyeuza kiwanja, akachukua mkopo wa SACCOS na kumshirikisha shemeji yake. Huyo ndo mteja wetu.

UMRI SIYO UGONJWA

Tuanze na kuondoa uongo mmoja. Kijiko cha mwaka 1998 siyo lazima kiwe kibovu kuliko cha mwaka 2010. Kinaweza hata kikamfaa zaidi mteja wa kijijini.

Kwanza usome jina. PC200, EX200, 320, zote hizo ziko kwenye daraja la tani 20 hivi. Ndo saizi inayotafutwa zaidi kwa sababu inachimba mfereji, inapakia lori, na kubebeka kwenye lobedi siyo shida.

Pili, namba ya mwisho inakuambia kizazi. PC200-6 ni ya zamani kuliko PC200-8. EX200 ilitangulia ZX200. 320C ilitangulia 320D. Tofauti kubwa ya vizazi hivi iko kwenye mfumo wa dizeli. PC200-6 na PC200-7, EX200-5 na 320C zina pampu ya dizeli ya kimakanika, ambayo fundi mzuri wa wilayani anaweza kuishughulikia. PC200-8, ZX200-3 na 320D zinasukuma dizeli kwa presha kubwa sana na kompyuta ndo inaamuru injekta. Zinakula mafuta vizuri zaidi, lakini hazitaki mchezo na dizeli chafu. Tone la maji au mchanga kidogo kwenye dumu la mafuta linaua injekta, na injekta zake ni ghali.

Sasa mteja wako atakuwa ananunua dizeli kwenye madumu, anaisafirisha kwa bodaboda mpaka saiti. Muuzie PC200-8 bila kumwambia hilo, halafu usubiri simu yake.

Tatu, spea. Modeli iliyozoeleka spea zake zinapatikana Dar, mpya na za mtumba. Modeli ngeni inakuwa na bei ya kuchekesha kwa sababu ikiharibika sili moja unasubiri mwezi. Kabla hujaposti modeli usiyoijua, pigia simu wauza spea wawili watatu, uulize tu: "Mkuu, sili za pampu na rola za mtambo huu mnazo?" Jibu lao lina maana kuliko picha kumi.

MITA YA SAA ISIKUDANGANYE

Kijiko hakihesabiwi kilomita, kinahesabiwa saa. Na mita ya saa inabadilishwa kirahisi, haswa zile za zamani. Usibishane na mita, piga hesabu.

Mfano, mtambo wa 2005 unauzwa 2024, mita inasoma saa 4,500. Hiyo ni miaka 19. Gawanya, unapata kama saa 237 kwa mwaka, chini ya dakika 40 kwa siku. Mtambo wa kazi unaofanya saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, unapiga saa 2,000 kila mwaka. Je, inawezekana mtu alinunua mtambo wa bei hiyo akawa anautumia dakika 40 kwa siku? Inawezekana, ila ni nadra.

Angalia vitu ambavyo havijui kudanganya. Mpira wa pedali umelika mpaka chuma? Vishikio vya kuendeshea vimeng'aa kama kipara? Siti imechanika mpaka sponji? Basi hiyo mita ya saa 4,500 inasimulia hadithi ya mtambo mwingine. Usiandike kwenye posti "saa 4,500 tu". Andika "mita inasoma 4,500". Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa siku ya ugomvi.

KANUNI YENYEWE: BARIDI KISHA MOTO

Mtambo mbovu una ugonjwa wa aina mbili. Kuna ugonjwa unaoonekana ukiwa wa baridi, na kuna unaoonekana ukishapata moto. Muuzaji mjanja anakuita katikati. Unafika saa nne asubuhi, injini ishawashwa tangu saa moja, ishapoa kidogo, inawaka kwa kugusa tu. Anachimba dakika kumi, mnapiga picha, mnaondoka. Hapo umeuona katikati ya magonjwa yote mawili, hujaona lolote.

Kwa hiyo mwambie mwenye mali: "Kaka, naomba nisikute umewasha." Ukifika, kabla ya salamu nyingi, weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya uvuguvugu, rudi kesho au subiri ipoe. Halafu ukishawasha, usiondoke mpaka mtambo ufanye kazi ya kweli angalau saa moja. Kikute cha baridi, kiache cha moto.

CHA KUANGALIA KIKIWA BARIDI

1. Kuwaka. Injini nzima ya dizeli kwenye joto letu hili la pwani inatakiwa kuwaka bila kubembelezwa. Ukiona wanaipulizia dawa ya kuwashia, au starta inazunguka mpaka betri inachoka, kompresheni imeshuka au mfumo wa dizeli una shida.

2. Moshi. Mweupe kidogo wa mara ya kwanza kisha unaisha, siyo kesi. Mweupe usioisha, dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia kwenye injini. Wa bluu, injini inakula oili. Mweusi mzito wakati wa kubeba mzigo, hewa haitoshi au nozeli zimechoka. Wakati mwingine ni filta ya hewa tu imeziba, kwa hiyo usihukumu kabla hujaifungua.

3. Kifuniko cha oili. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Ukiona inapuliza moshi kwa nguvu kama bomba la treni, ringi na silinda zimeisha. Hiyo ni injini ya kufumua.

4. Rangi za maji na oili. Oili ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Maji ya rejeta yenye utando wa oili nayo ni habari mbaya. Rejeta fungua injini ikiwa ya baridi tu. Ikiwa ya moto itakuunguza uso.

5. Taa za onyo. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa za oili, joto na chaji zinatakiwa ziwake kwanza, kisha zizime injini ikiwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa inaweza kuwa imetolewa makusudi. Kwenye mitambo ya zamani utakuta pia waya zimeungwaungwa nyuma ya siti, na moto wa injini unavutwa kwa kamba ya mkono kwa sababu mota ya kuuongoza ilishakufa. Mtambo unaweza kufanya kazi hivyo miaka, lakini mteja aambiwe.

CHA KUANGALIA KIKIPATA MOTO

Hapa ndo wengi tunapigwa, na hapa ndo kuna pesa kubwa. Nguvu ya kijiko haitoki injini moja kwa moja. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili ya haidroliki kwa presha ya kufika bar 350 hivi, oili ndo inainua, inazungusha na kutembeza. Pampu ikichoka, kijiko kimekwisha hata kama injini inaimba.

Pampu iliyochoka inajificha asubuhi. Oili ya baridi ni nzito. Chukua kikombe chenye ufa, weka uji mzito, hauvuji. Weka uji mwepesi, unavuja wote. Oili ikipata moto inakuwa kama uji mwepesi, inavujia ndani kwa ndani kwenye nafasi zilizolika, na presha inashuka. Asubuhi mtambo una nguvu, saa sita mchana unanyanyua bumu kama mgonjwa anayenyanyua mkono.

Kipimo chake ni simu yako. Mtambo ukiwa umepasha kidogo, opareta aweke moto wa juu, uhesabu sekunde za kunyanyua bumu kutoka chini mpaka juu, baketi ikiwa tupu. Andika. Kisha azunguke mizunguko mitatu, uhesabu. Kijiko kizima cha tani 20 kinazunguka kama mara 11 hadi 13 kwa dakika, kwa hiyo mizunguko mitatu ni kama sekunde 14 hadi 17. Acha kichimbe udongo mgumu saa nzima. Rudia vipimo vilevile. Sekunde zikiongezeka kidogo, kawaida. Zikiongezeka sana, au injini ikawa inazama kila bumu likinyanyuka, mwite fundi wa haidroliki kabla hujaposti chochote.

Niwape kisa, bila majina. Jamaa watatu walianza kuja dukani kwangu kununua oili ya haidroliki, ndoo ya lita 20. Baada ya siku tatu wakarudi kuchukua nyingine. Siku tatu tena, nyingine. Walikuwa wamenunua kijiko kupitia posti ya mtu mtandaoni, mmoja kauza ng'ombe, mmoja kauza shamba, mmoja kachukua mkopo. Walikijaribu asubuhi kwa robo saa. Kwenye kazi yao ya kwanza, ikifika mchana kinalegea, na oili inapotea kwenye mipira na silinda zilizochoka.

Fundi alipofungua filta ya haidroliki akakuta unga wa rangi ya dhahabu. Hiyo ni shaba ya ndani ya pampu, inalika na kusagika. Wakatafuta pampu ya mtumba Dar, wakafunga haraka kwa sababu kazi ya watu ilikuwa inasubiri. Hawakusafisha tangi, mipira wala silinda. Ule unga uliobaki kwenye mfumo ukaila na pampu ya pili. Kijiko kimekaa chini ya mwembe mpaka leo. Aliyeposti alibadilisha namba ya simu.

Mtu akikwambia "pampu tumebadilisha, ni mpya", usishangilie. Uliza: "Mlisafisha mfumo mzima? Filta mlibadilisha? Oili mlimwaga yote?" Akibabaika, hesabu kwamba hiyo pampu mpya nayo iko njiani kufa.

Mengine ya kuangalia mtambo ukiwa wa moto:

Silinda kushuka zenyewe. Nyanyua bumu na baketi hewani, kila mtu akae mbali, asipite mtu chini. Zima injini. Weka alama ya kalamu kwenye fimbo ya silinda, subiri dakika tano hadi kumi. Ikishuka sana, sili za ndani au valvu zimechoka. Sili za silinda siyo mwisho wa dunia, ila zina gharama. Angalia na fimbo zenyewe. Zikiwa na mikwaruzo au kutu, utabadilisha sili leo na zitakatika wiki ijayo.

Kutembea. Opareta asukume vyote viwili, aende mbele mita 20 kwenye sehemu tambarare. Mtambo ukivuta upande mmoja, mota ya kutembelea ya upande huo au pampu inayoilisha imechoka. Hakikisha tu kwanza cheni zote mbili zimekazwa sawa.

Kuzunguka. Sikiliza mlio pale kiuno kinapokutana na sehemu ya chini. Mlio wa kugonga au kukwaruza kila mzunguko ni beringi kubwa ya kiunoni. Hiyo ikifa, sehemu yote ya juu inang'olewa na winchi kubwa. Mteja wa kijijini hawezi.

SEHEMU YA CHINI, BUMU NA PINI

Watu wanapiga picha bumu lililopakwa rangi ya njano ya kung'aa, hawapigi picha cheni. Cheni, rola, sproketi na gurudumu la mbele zinaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo ya mtambo wa cheni. Ziangalie zikiwa zimeoshwa. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, yameisha. Rola zinazovuja oili au zisizozunguka, zimeisha. Na pale kwenye ngoma ya sproketi, ambako kuna gia za kutembelea, pasiwe na oili inayochuruzika.

Kwenye bumu tafuta mshono wa kuchomelea. Bumu kuchomelewa siyo dhambi, kama limechomelewa vizuri na mtu anayejua. Ila rangi mpya kipande kimoja tu, karibu na pini, ijue inaficha kitu. Futa kwa kitambaa chenye dizeli, angalia ufa.

Kwenye pini na bushi, mwambie opareta ashushe baketi iguse chini kidogo kisha anyanyue taratibu, huku unaangalia maungio. Ukiona chuma kinacheza kabla baketi haijanyanyuka, bushi zimelika. Na hapa niwape siri ya muuza duka. Mtambo mzima namjua kwa mwenye kununua grisi kila wiki. Mtambo mgonjwa namjua kwa mwenye kununua oili kila wiki. Kwa hiyo muulize mwenye mali swali dogo: "Grisi unanunua wapi, na dumu moja linakukaa muda gani?" Anayepaka kila siku anajibu papo hapo. Asiyepaka anaanza kutafuta jina la duka.

MTAMBO WA MAJINI NA MTAMBO ULIOZAMA

Hili ni letu sisi watu wa mabondeni na pwani. Kijiko kilichofanya kazi kwenye matope ya chumvi karibu na mikoko kinaliwa kimyakimya. Kutu inaanza kwenye fimbo za silinda na viunganishi vya waya. Siyo cha kukataa, lakini kiangaliwe mara mbili.

Kibaya zaidi ni kilichozama kwenye mafuriko. Kikioshwa na kupigwa rangi kinapendeza. Angalia matope yaliyokauka nyuma ya siti na chini ya mkeka, kutu kwenye bolti za siti, ukungu ndani ya taa na kioo cha mita. Fungua kidogo bolti ya kumwagia oili kwenye gia za kutembelea na gia ya kuzungukia, mtambo ukiwa umelala bila kuwashwa. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Ukiyaona maji, muulize mwenyewe taratibu mtambo ulikuwa wapi wakati wa mafuriko.

UNAPOSTI NINI SASA

Baada ya kupima, posti yako iwe na hivi:

• Video moja isiyokatwa ya kuwasha ikiwa baridi, mkono wako ukionekana kwenye injini kabla.
• Video ya kazi baada ya saa moja, ikionyesha bumu na mzunguko.
• Picha ya mita, kibao cha namba ya mtambo, cheni zote mbili, sproketi, fimbo za silinda, mishono ya bumu.
• Orodha ya magonjwa uliyoyaona. Ndiyo, iandike. "Silinda ya baketi inavuja, rola mbili upande wa kulia zimeisha." Mteja wa kweli anapiga hesabu ya kutengeneza anakuja. Anayekimbia kwa sababu ya rola mbili, angekimbia na hela yako baadaye.

Usiandike "haina hata tatizo moja". Hakuna mtambo wa mtumba wa hivyo. Na ujue kwamba maelezo yako yana uzito. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Ukiposti maneno usiyoyahakiki, unajiingiza kwenye mgogoro ambao mwenye mali angebeba mwenyewe.

Usiposti mtambo ambao hujauona kwa macho. Picha nyingi zinazozunguka kwenye magrupu zimetolewa kwenye kurasa za wauzaji wa nje, kijiko kiko Japani, wewe unaambiwa kiko Mkuranga.

Nyaraka: namba ya kwenye kibao ilingane na ya kwenye karatasi za forodha na za umiliki. Muulize mwenye mali kama mtambo una mkopo wa benki juu yake. Hela ya mtambo isipite kwenye simu yako hata siku moja, ipite benki kati ya mnunuzi na muuzaji, na mkataba usainiwe kwa wakili. Kamisheni yako nayo iandikwe, nani analipa, kiasi gani, lini.

KAMISHENI IPI INALIPA

Kuna mwenzetu atasema, "Mkuu, nikifanya yote hayo mwenye mali ataenda kwa dalali mwingine asiyeuliza maswali." Kweli, wengine wataenda. Mwenye mtambo mbovu hakupendi ukimpima. Lakini mwenye mtambo mzima anakutafuta, kwa sababu posti yako inamtofautisha na matapeli, na anapata bei yake.

Na mnunuzi akishakuamini kwenye kijiko, hakuachi. Mwenye kijiko kinachofanya kazi anahitaji oili, filta, grisi, mipira, meno ya baketi, lori la kifusi, na mwakani kijiko cha pili. Wale jamaa watatu hawaji tena dukani kwangu. Hawana mtambo wa kuutia oili. Ndoo zangu nne tano nilizowauzia kwa wiki mbili ni hela ndogo ukilinganisha na miaka ambayo wangekuwa wateja wangu kama kijiko chao kingekuwa kizima.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kuposti mtambo wa mtu, jiulize: nimeukuta wa baridi? Nimeuacha wa moto? Kama jibu ni hapana, hiyo posti isubiri kesho asubuhi.

Kama una mtambo unaoupima wiki hii na umekwama mahali, andika hapo chini dalili zake: modeli, moshi wa rangi gani, sekunde za bumu asubuhi na mchana. Humu kuna maopareta na mafundi wanaojua kuliko mimi, watakujibu. Na kama una mwenzako anaposti vijiko kila siku, mtumie hii aisome.